Godoro la mpira la kuagiza mtandaoni: la gundi au la zipu?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi na mume wangu ni watu wa Tanga, tunaishi Columbus, Ohio. Godoro letu la memori fomu (sponji inayobonyea kufuata mwili) limebonyea katikati kabla halijamaliza miaka mitano; usiku tunakutana shimoni tutake tusitake. Sasa tunataka la lateksi, yaani la povu la mpira, saizi ya King, la kuagiza mtandaoni. Mume wangu ana uzito wa paundi 230 na hulala chali. Mimi nina paundi 140, hulala ubavu, na bega la kulia huniuma nikiamka. Tumebakiwa na mawili ya kuchagua. La kwanza ni la inchi 11, limeunganishwa kwa gundi, limeandikwa "lateksi asilia", ugumu wa kati, uzito wa mzigo paundi 92, dhamana miaka 25. La pili ni matabaka matatu ya inchi 3 ndani ya kava la zipu, kila mtu anachagua ugumu wa upande wake, paundi 155, dhamana miaka 10, na bei yake iko juu. Dhamana ya miaka 25 si ndiyo inayoonyesha lipi litadumu? Na hizi Dunlop, Talalay na ILD ni vitu gani? Mama Salma.

JIBU: Mama Salma, chukueni la pili. Jibu umelileta mwenyewe ndani ya swali, kwenye ile paundi 92.

King ya Marekani ni inchi 76 kwa 80, yaani kama meta 1.93 kwa 2.03. Godoro la unene wa inchi 11 kwa saizi hiyo lina karibu meta za ujazo 1.1. Paundi 92 ni kilo 42. Ukigawanya unapata kilo 38 kwa kila meta ya ujazo, na hapo kava limeshahesabiwa ndani. Lateksi ya Dunlop huwa na kilo 65 hadi 95 kwa meta ya ujazo. Talalay ni nyepesi zaidi, lakini godoro zima la Talalay la ukubwa huo nalo lisingekufikia likiwa na paundi 92. Wepesi wa namna hiyo unatoka kwenye sponji ya kawaida. Kwa hiyo mnachouziwa ni tabaka jembamba la lateksi lililobandikwa juu ya kiini cha sponji. Muuzaji hajasema uongo, maana lateksi kweli imo. Amenyamaza tu kuhusu kilicho chini yake, na hicho ndicho kitakachochoka kwanza, hasa upande wa mzee.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa la pili. Inchi 9 kwa saizi ya King ni kama meta za ujazo 0.9. Paundi 155 ni kilo 70. Toa kama kilo 6 za kava, zinabaki 64. Ukigawanya unapata kilo 71 kwa meta ya ujazo. Huo ni uzito wa lateksi.

Mizani ina mipaka yake lakini. Inakamata sponji iliyofichwa, haikamati mpira uliochanganywa unga wa chokaa au udongo mweupe, kwa sababu unga huo unaongeza uzito huku ukiufanya mpira uwe mwepesi kukatika. Pia haikuambii kama ni utomvu uliogemwa kwenye miti (watu wa Tanga mnaijua mipira ya Muheza) au ni lateksi ya kiwandani inayotokana na petroli, au mchanganyiko wa vyote viwili. Hapo unauliza kwa maandishi: asilimia ngapi ni utomvu wa mti, asilimia ngapi ni ya kiwandani, kuna unga wa kujazia au hakuna? Muuzaji mwenye kitu chake atajibu kwa namba. Akianza kukuandikia habari za usingizi mnono na maisha ya kijani, hamia kwa mwingine.

Vyeti navyo husaidia mradi ujue kila kimoja kinasema nini. GOLS ni cha lateksi ya kilimo hai, na kinataka zaidi ya asilimia 95 ya malighafi iwe imethibitishwa. GOTS ni cha nguo, kwa hiyo hapa kinahusu pamba na sufu ya kava. OEKO-TEX Standard 100 hupima kemikali zenye madhara. Lateksi ya kiwandani inaweza kukipata bila shida, basi usikichukue kama ushahidi kwamba mpira umetoka mtini. Omba nakala na usome jina la mwenye cheti. Mara nyingi utakuta ni la kiwanda kilichomuuzia muuzaji wako matabaka, na hilo si kosa. Ila tarehe yake iwe haijapita, na bidhaa iliyotajwa iwe ndiyo unayoinunua.

Sasa zipu. Wengi huiona kama anasa ya kuchagulia ugumu, lakini kwangu ndiyo habari yenyewe ya kudumu. Lateksi haichoki sawasawa kutoka juu hadi chini. Tabaka la juu ndilo linalobeba joto, jasho na kukunjwa kila usiku, na kwa kawaida ndilo laini kuliko yote, kwa hiyo hulegea mapema kuliko mengine. La chini linaweza kukaa miaka mingi likiwa halina dosari. Godoro la gundi likilegea juu unatupa lote. La zipu unafungua, unabadilisha tabaka moja, au nusu tu ya tabaka upande wa aliyelilegeza, na maisha yanaendelea. Kila baada ya miezi michache unaweza pia kugeuza la juu, la kichwani likaenda miguuni, ili nyonga zisikandamize palepale miaka yote.

Zipu ina faida nyingine ambayo wauzaji hawaitaji. Kava za Marekani nyingi hushonewa sufu ndani, kwa sababu sheria ya moto, 16 CFR 1633, inayotumika tangu 2007, inataka godoro listahimili mwali, na sufu haishiki moto upesi. Sufu hiyo hulala inapolaliwa. Mtu anaona bonde, anaamini mpira umekufa. Mwenye zipu anafungua kava, analaza ubao ulionyooka juu ya mpira mtupu na kuchungulia chini yake. Ubao ukigusa kote, mpira ni mzima na ni kava tu lililojibana. Ukipita mwanga, pima kina chake kwa rula na upige picha, ndio ushahidi wa kudai dhamana.

Dunlop na Talalay ni njia mbili za kutengeneza kitu kilekile. Dunlop ndiyo ya zamani, ya mwishoni mwa miaka ya 1920 huko Uingereza: utomvu unapigwa hadi utoe povu kama ute wa yai, unamiminwa kwenye kalibu hadi ijae, unapikwa kwa mvuke pamoja na salfa kidogo, kisha unaoshwa na kukaushwa. Vilivyo vizito hutuama kabla mpira haujaiva, ndiyo maana upande mmoja huwa mgumu kidogo kuliko mwingine. Kwenye Talalay kalibu haijazwi. Inafungwa, hewa inanyonywa povu litanuke lenyewe, linagandishwa, hewa ya kaboni dioksidi inapitishwa ndani, halafu ndipo linapikwa. Inatoka nyepesi, yenye vijishimo vinavyofanana kote, na inadunda zaidi. Msikubali kutishwa na wanaosema moja ni halisi na nyingine ni feki. Kwa matabaka ya chini napenda Dunlop kwa uzito wake. Kwa la juu, mtu wa kulala ubavu mwenye maumivu ya bega, kama wewe, nampa Talalay kwa sababu inapatikana laini kweli. Dunlop ikilainishwa mno inakosa mwili na haikawii kulegea.

ILD ni kipimo cha ugumu: paundi ngapi zinahitajika kukandamiza kipande cha mpira, kwa kisahani cha inchi za mraba 50, hadi kibonyee robo ya unene wake. Namba ikiwa ndogo, mpira ni laini. Kwa makadirio ya sokoni, 14 hadi 22 ni laini, 24 hadi 32 ni wa kati, 36 na kuendelea ni mgumu. Msigombanie tofauti ndogo, kwani ndani ya tabaka moja namba hupanda na kushuka, na 28 na 30 hamtazitofautisha mkiwa kitandani. Wauzaji wa Dunlop wengi hawatoi ILD kabisa, wanatoa uzito kwa meta ya ujazo, na si kuficha, maana kwa Dunlop uzito na ugumu huenda pamoja. Yale maneno "laini", "kati" na "gumu" bila namba yoyote hayana kipimo kinachowafunga wauzaji. "Kati" ya duka moja ni "gumu" ya jirani yake.

Kwa miili yenu ningepanga hivi. Upande wa baba: chini Dunlop ngumu, kati Dunlop ngumu au ya kati-gumu, juu tabaka la 28 hadi 32. Mtu wa kilo 104 akilala chali, kinachohitaji kuzuiwa ni kiuno na nyonga. Vikititia, mgongo unapinda. Upande wako, kilo 63 na ubavu: chini ngumu vilevile, kati ya ugumu wa wastani, juu Talalay ya 19 hadi 22, bega lipate pa kuingia. Msiagize upande wako laini hadi chini kwa kulihurumia bega. Bega linahitaji inchi tatu za juu, zilizobaki ni za kukushikilia usizame. Lipe godoro mwezi mmoja kabla ya kuhukumu. Bega likiendelea kuuma hata baada ya hapo, mwone daktari.

Nusu mbili za tabaka, yako na ya baba, zikikaa pamoja hazitelezi, mpira hushikana wenyewe. Mstari wa katikati mtausikia kidogo tu, isipokuwa kama kuna mtoto anayehamia kwenu usiku wa manane na kulala hapohapo mpakani. Basi tandikeni juu yake tandiko jembamba la sufu au pamba. Tabaka la chini liwe zima, halina haja ya kukatwa.

Ile dhamana ya miaka 25 isome kwa utulivu. Tafuta kina cha bonde wanachokubali: wengi husema inchi moja, tena lipimwe bila mtu kulala juu. Mpira uliolegea bila kufanya bonde, ambayo ndiyo malalamiko ya kawaida kabisa, kwa kawaida haumo. Angalia kama baada ya miaka kadhaa utatakiwa kuchangia sehemu ya bei kila unapodai, nani analipa usafirishaji, na kama doa moja kwenye kava linafuta kila kitu. Miaka 10 isiyo na makato inaweza kuwa bora kuliko 25 yenye mlango mwembamba hivyo. Kwa la zipu muulize muuzaji pia: tabaka moja nikilibadilisha ndani ya kipindi cha majaribio nalipa kiasi gani, na baada ya miaka minane mtaniuzia tabaka moja la saizi ile ile? Kava la inchi 9 halipokei tabaka la nne, kwa hiyo mkitaka kimo zaidi amueni sasa.

Hujaniambia kitanda chenu kikoje. Chaga zisiachane zaidi ya inchi 3, na King iwe na boriti ya kati yenye mguu wake unaogusa sakafu. Chaga zikiachana, lateksi inatumbukia kwenye mianya, na muuzaji akiona picha ya kitanda anakataa dai lako kwa haki. Msilitandike juu ya boksi la springi la zamani wala sakafuni. Chini panataka hewa.

Baridi ya Ohio naijua: blanketi la umeme kaa nalo mbali. Joto la muda mrefu na jua ndivyo vinavyoukausha mpira ukaanza kumeguka kama mkate mkavu. Mafuta nayo ni adui, na sisi watu wa pwani mafuta ya nazi hatuyaachi, basi juu ya kava wekeni kinga inayofulika.

Masanduku yakifika, tabaka lisitoke kwenye mfuko wake hadi liwe chumbani. Beba kwa kuingiza mikono yote miwili chini yake, watu wawili. Ukilivuta kwa kulishika pembeni kwa vidole linachanika pale pale, na hilo hawalipi. Ngumu chini, laini juu, pembe zikae sawa kabla ya kufunga zipu. Harufu ya mpira mpya itakuwepo siku kadhaa, fungueni madirisha. Maboksi ya anwani msiyatupe kabla hamjalinganisha namba zilizobandikwa kwenye kila tabaka na mlichoagiza, maana kupelekewa tabaka la kati mahali pa laini hutokea, na likishalaliwa mwezi mzima muuzaji atakwambia hujui unachokisikia.