Unataka kurudi shule na una familia? Anza na watu wa nyumbani kwako

Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka huwa napata maswali ya watu wazima, mama mwenye watoto wanne, fundi, kuna hadi mvuvi wa huku Igombe, Mwanza, na wote swali lao ni moja, eti mimi si nimeshachelewa? Hujachelewa. Ila kabla hujachukua fomu naomba unisikilize kidogo, maana haya mimi nimelelewa ndani yake.

Baba yangu alimaliza la saba baada ya Azimio la Musoma la 1974, kipindi serikali inataka ikifika 1977 watoto wote wawe wanaenda shule na walimu hawatoshi, basi wakachukuliwa vijana waliotoka darasa la saba wakawa wanafundisha huku na wao wanafundishwa. Baba akiwa mmoja wao. Ndo hao watu wanawaita walimu wa UPE (yaani Elimu ya Msingi kwa Wote), na mnajua jinsi hilo jina linavyotamkwa kwa dharau mpaka leo. Lilimuuma sana. Akaanza kupanda, kutoka daraja la ualimu la III C, akafanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, akapata III A, diploma akaifuata chuo cha ualimu Butimba, na Chuo Kikuu Huria kilipoanza kupokea wanafunzi 1994 akasema na huko nitafika. Alifika, mimi nikiwa sekondari. Mpaka leo amestaafu na bado anasoma, ukienda Sengerema saa mbili usiku utamkuta na miwani yake na kaunta buku.

Watu wakimsifia wanasema ana akili. Sawa anayo, lakini mimi niliyekuwa ndani ya nyumba nasema kilichomfikisha ni namna alivyotuingiza sisi wote kwenye masomo yake. Meza ilikuwa moja na chemli moja. Tukishakula, vyombo vikitolewa, wote tunakaa pale, yeye na vitabu vyake na sisi na hesabu zetu, na mimi ndo nilikuwa namshikia daftari nimuulize maswali, akikosa ananiambia rudia tena hilo. Tulikuwa tunajua mtihani wake lini, tunajua anavuka lini na pantoni ya Kamanga kwenda Mwanza kwenye kituo chake cha masomo. Siku matokeo yake yanatoka nyumba nzima hailali!

Na pesa zilipangwa na mama. Mpunga ukiuzwa zinawekwa mezani, kwanza ada za watoto, halafu chakula na mbegu, ikibaki ndo ya shule ya baba, isipobaki baba anaahirisha mpaka mwaka mwingine. Aliahirisha kweli. Kwa hiyo kwetu sisi shule ya baba haikuwahi kuwa adui wa shule yetu, na naamini hiyo ndo sababu watoto wake wote tumesoma.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndo mkubwa, kaa na mwenzako mpige hesabu yote kabla ya fomu. Yote, sio ada peke yake. Kuna nauli ya kwenda kituoni, bando la intaneti (hili watu wanalisahau kabisa na linakula hela kila wiki), kuprinti, na siku za mitihani ambazo hutaingiza kitu kama umejiajiri. Na tafadhali sana ndugu zangu, usilipe ada kwa mkopo wa kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kubwa, ukishindwa kulipa wanabeba vitu vyako. Nimeona makochi yanabebwa mchana kweupe majirani wanaangalia, hakuna digrii inayostahili watoto waone vile. Bora uahirishe.

Dada zangu nyie nawaambia la ziada, usiombe ruhusa tu, omba masaa. Mume anaweza kukwambia soma mke wangu, kwa moyo mweupe kabisa, halafu uji, nguo, mgonjwa wa ukweni vyote vikabaki kwako ukaishia kusoma umesinzia. Mimi na baba watoto tulikubaliana kuanzia saa kumi alfajiri mpaka saa kumi na mbili mimi sipo, watoto na uji ni wake. Mwanzoni uji ulikuwa na madonge, sasa hivi ananishinda.

Ratiba yako ifuate kazi yako. Yule mvuvi wa Igombe ni wa dagaa, na dagaa wanavuliwa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inakaa nchi kavu, basi yeye zile siku za mwezi ndo shule yake, wenzake wamelala au wako kwenye bao yeye anasoma. Hakupita sekondari kabisa kwa hiyo anaanza na QT (mtihani wa maarifa kwa ambaye hakupita sekondari), akifaulu ndo ajisajili kidato cha nne kama wa kujitegemea. Ni njia ndefu, lakini ni njia halali.

Na kwa wanaohesabu umri, jirani zetu wa Ukerewe walikuwa na mzee Aniceti Kitereza, alimaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe 1945, akaja kuitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapwa 1980 akiwa na zaidi ya miaka themanini. Wewe una arobaini na mbili.

Mwisho jambo dogo linalokwamisha wengi, vyeti. Jina la cheti cha la saba, la kuzaliwa na la kitambulisho cha taifa (NIDA) yafanane, kama kuna herufi imepishana au ulibadili jina ulipoolewa, ulizia mapema kuhusu hati ya kiapo, usisubiri dirisha la maombi limebaki siku mbili. Na ukienda kituoni kuuliza ada, nenda na mwenzako, azisikie kwa masikio yake.