Maswali ya Wasomaji: Je, Raba za Kutokea Zinafaa Kukimbilia?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mfanyakazi wa ofisini, mkazi wa Ilazo hapa Dodoma, mwenye umri wa miaka 34. Miezi miwili iliyopita nilijiunga na kikundi cha mbio cha mtaani kwetu. Tunakutana alfajiri siku za Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, na kila mara tunakwenda takribani kilomita 5 kwa dakika 35 hivi. Ninakimbia na raba zangu nyeupe za ngozi, zenye soli bapa, namba 42, ambazo nilizinunua kwa ajili ya kutokea. Nikizivaa kwa shughuli za mjini hazinisumbui hata kidogo, lakini tangu nianze mbio ninaumwa muundi wa miguu yote miwili, na ukucha wa kidole gumba cha kulia umegeuka mweusi. Rafiki yangu aliniazima raba zake za mbio, nazo ni namba 42, ila zilinibana. Je, raba zangu hazifai kukimbilia, au ni mimi sijazoea? Na nitaijuaje namba yangu halisi?
Msomaji, Ilazo, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, yote mawili ni kweli. Raba zako hazikutengenezwa kwa ajili ya mbio, na wewe nawe uliivamia kazi: mtu ambaye hakuwa akikimbia kabisa akianza na kilomita 15 kwa juma, hata angevaa kiatu cha namna gani, muundi ungelalamika. Lakini kwa kuwa umeuliza habari za kiatu, tuanzie hapo.

Raba nyingi za soli bapa tunazozivaa mjini leo zilizaliwa viwanjani, ila si katika viwanja vya riadha. Nike Air Force 1 ilitoka mwaka 1982 ikiwa kiatu cha mpira wa kikapu, Stan Smith ya Adidas ni kiatu cha tenisi, na Chuck Taylor ya Converse, ile ya turubai, nayo ni ya kikapu. Mchezaji wa michezo hiyo hukimbilia upande huu, akageuka ghafla upande ule, kwa hiyo huhitaji soli pana, bapa na imara isiyoyumba ikamtegua kifundo. Mkimbiaji wa barabarani huenda mbele tu, akirudia mwendo uleule maelfu ya mara, na kila unyayo unapogusa ardhi mguu hupokea kishindo kinachofikia mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili wake. Ukipiga hatua 160 kwa dakika, ambao ni mwendo wa kawaida kwa mkimbiaji wa polepole, dakika zako 35 ni hatua 5,600, na nusu yake inaangukia mguu mmoja. Hiyo ndiyo sababu kiatu kisichokusumbua ukienda benki au sokoni kinakuumiza alfajiri ya Jumanne.

Soli ya raba yako ni mpira mzito wenye sponji nyembamba ndani yake, ilhali kiatu cha mbio kimejengwa juu ya sponji nene na nyepesi inayobonyea na kurudi. Tofauti hiyo unaweza kuipima mwenyewe: kiatu kimoja cha mbio cha namba 42 kwa kawaida huwa na uzito wa kati ya gramu 230 na 300, na raba ya ngozi ya kikapu hupita gramu 400 bila taabu. Mwenye genge la jirani hatakunyima mizani yake kwa dakika moja.

Ujihadhari pia na raba zinazofanana na za mbio kwa sura tu. Nike Cortez iliuzwa mwaka 1972 kama kiatu cha wakimbiaji, na Air Max ya kwanza ilitoka mwaka 1987 kwa kazi hiyohiyo. Zote mbili zingali madukani, lakini leo wanunuzi wake ni watu wa mitindo, na sponji zake haziwezi kushindana na za viatu vya mbio vya sasa. Siku moja nilimwona muuza raba mmoja katikati ya mji akikikunja kiatu mara mbili kama chapati, kisigino kikagusa ncha, huku akimsifia mteja ulaini wake. Kilikuwa kiatu cha wavu, chenye soli nene, cha kuvutia kweli. Tatizo ni kwamba kilikunjikia katikati, mahali ambapo unyayo wa binadamu haukunjiki. Kiatu cha mbio ukikisukuma ncha na kisigino kinapaswa kupindia pale vidole vinapoanzia, na katikati kikaze. Halafu bonyeza ubavu wa soli kwa kidole gumba: sponji nzuri huingia kidogo na kurudi mara moja. Raba yako, ukiijaribu hivyo, nadhani itakuwa kama unabonyeza tairi.

Wapo watakaokukumbusha kwamba Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 akiwa pekupeku, na kwamba Juma Ikangaa, mzaliwa wa Dodoma aliyeshinda marathoni ya New York mwaka 1989, hakujifunzia mbio kwenye maduka ya raba. Hoja yao ina uzito. Mguu uliozoeshwa huweza mengi. Lakini raba ya ngozi yenye soli ngumu haikupi uhuru wa mguu mtupu, wala haikupi sponji ya kiatu cha mbio. Umebaki katikati, na mguu wenyewe umeshinda chini ya meza ya ofisi kwa miaka.

Sasa ukucha. Ukucha ukiwa mweusi namna hiyo, mara nyingi damu imevilia chini yake kwa sababu kidole kimekuwa kikigonga ncha ya kiatu. Unapokimbia unyayo hutanuka, huvimba kidogo kwa joto, na husogea mbele ndani ya kiatu, hasa penye mteremko. Raba ya kutokea tunainunua ikiwa imetukaa sawasawa, kwa kuwa kiatu kilichopwaya hakipendezi, na ngozi haina msamaha. Kiatu cha mbio kinataka nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono, yaani sentimita 1 hivi, kati ya kidole kirefu cha mguu na ncha, ukiwa umesimama na umevaa soksi zile utakazokimbia nazo. Kisigino, kwa upande wake, kisipande wala kushuka. Kikicheza, pitisha kamba katika tundu la mwisho kabisa, lile ambalo wengi huliacha wazi, kabla hujadhani kwamba unahitaji namba ndogo.

Kuhusu namba 42, rafiki yako hakukudanganya. Namba hiyo haina maana moja kwa kila kiwanda. Katika vipimo vya wanaume, 42 ya Nike na 42 ya Adidas zote zimekusudiwa unyayo wa sentimita 26.5, lakini 42 ya Puma ni ya sentimita 27. Ukigeukia namba za Kiingereza, 42 ya Nike inaandikwa 7.5 na ya Adidas inaandikwa 8. Tena raba za kutokea nyingi hutengenezwa pana na zenye nafasi, na za mbio hushika unyayo kwa karibu, kwa hiyo hata vipimo vikilingana kwenye lebo, mguu utahisi tofauti.

Njia ya kujiokoa ni kuupima unyayo wenyewe. Fanya jioni, baada ya kutembea mchana kutwa. Weka karatasi sakafuni ikigusa ukuta, simama juu yake kisigino kikiwa ukutani, na mtu mwingine atie alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, ambacho kwa watu wengi ni kidole gumba, ingawa kwa wengine ni kile cha pili. Pima miguu yote miwili na ushike kipimo kikubwa. Kisha usome lebo iliyo ndani ya ulimi wa kiatu, mahali palipoandikwa CM au JP, kwa kuwa hicho ndicho kipimo cha unyayo. Mwenye unyayo wa sentimita 26 aanze kujaribu 26.5, na kidole gumba cha mkono ndicho kitakachotoa hukumu.

Kwa barabara zetu, chagua soli yenye meno kiasi. Ukitoka kwenye lami ya Dodoma na kuingia mitaa ya changarawe, soli bapa huteleza, na mbigili hupenya mahali usipotegemea.

Kwa sasa pumzika hadi muundi utulie, kisha urudi kwa kuchanganya kukimbia na kutembea, ukiongeza kidogo kila juma. Lakini kama maumivu yamekaa mahali pamoja unapoweza kupagusa kwa ncha ya kidole, au yanaendelea hata ukiwa umelala, nenda hospitali usichelewe, maana huenda mfupa umepata ufa.

SWALI: Raba mpya za mbio ni ghali kwangu. Je, za mtumba zinafaa?
Msomaji, Manyoni

JIBU: Zinafaa ukichagua kwa macho makali. Kwa kawaida kiatu cha mbio hushauriwa kubadilishwa kikifikisha kilomita 500 hadi 800, na hujui mwenzako alikiachia wapi. Kiweke juu ya meza na ukitazame kwa nyuma: kikiinamia upande mmoja, kiache. Angalia ubavu wa sponji. Mikunjo mingi iliyolala inaonyesha kwamba imechoka. Usidanganyike na soli safi, kwa sababu sponji za aina fulani humong'onyoka kwa kukaa tu, hata kama kiatu hakijavaliwa, na utagundua siku ya kwanza unapoacha makombo njiani. Soli iliyobanduka isikutishe, kwa kuwa fundi viatu ataipaka gundi na kuishona kwa bei ndogo. Sponji iliyokufa hana la kuifanya.