Inveta ya wati 1000 kwenye lori: friji sawa, jagi hapana

Kaka, umeuliza kama inveta ya wati 1000 (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani) itaendesha jagi la umeme na friji ndogo kwenye lori lako, usiku unapongoja foleni ya mpaka pale Tunduma.

Jagi sahau. Ligeuze usome chini: mengi ni wati 1500 hadi 2000. Hata ukinunua inveta kubwa, wati 1500 kwenye volti 24 ni zaidi ya ampea 60, na ukichemsha mara nyingi usiku, asubuhi starta inaweza kushindwa kuzungusha injini. Chai pika kwa gesi, tena nje ya kabini.

Friji inawezekana, ila ya nyumbani huvuta mara kadhaa ya wati zake kompresa inapoanza, kwa hiyo inveta inaweza kukata hapo hapo. Ningekuwa wewe ningetafuta friji ya magari ya volti 24, isiyohitaji inveta kabisa.

Sasa waya, na hapa nakusihi sana. Usichomeke inveta hiyo kwenye tundu la kuwashia sigara; tundu lile ni la kuchaji simu. Vuta waya mnene moja kwa moja kutoka kwenye betri, na fyuzi ikae karibu na betri, maana waya ukichunika njiani ndiyo itakayouzuia usiwake moto wewe ukiwa umelala. Na kama inveta ni ya volti 12, usiifunge kwenye betri moja kati ya zile mbili za lori, zilizounganishwa kupata volti 24: moja itaisha, nyingine itachajiwa kupita kiasi, na zote zitakufa mapema. Inveta yenyewe iwe ya volti 24.