Mtoto kalazwa na RSV, jeni za kirusi zitasema nani kamletea?

SWALI: Shikamoo daktari. Kichanga wangu wa miezi minne alilazwa juzi, kifua kinabana mpaka mbavu zinaingia ndani akipumua, hospitali wakasema ni RSV, kirusi kinachoshambulia njia ya hewa. Sasa wamekuja nyumbani wametutia vile vijiti vya pamba puani sote, eti wanaenda kusoma jeni. Mdogo wangu alikuja na mafua kutoka Mombasa na wakwe zangu washamhukumu kwamba ndo kaleta. Maabara itasema kama ni yeye kweli? (Mama wa watatu, Malindi)

JIBU: Marahaba mama, pole sana. Kwanza, zinazosomwa ni jeni za kirusi. Jeni za RSV ni kama maandishi yenye herufi 15,000 hivi, na ikijinakili hukosea herufi mojamoja, kwa hivyo wakiweka kirusi cha mtoto na cha mdogo wako sambamba wanaona kama ni ukoo mmoja au la. RSV ina makundi mawili, A na B; kimoja kikiwa kundi A na kingine B, mdogo wako hahusiki na inafaa aombwe radhi. Lakini hata vikifanana mpaka herufi ya mwisho bado si ushahidi, maana msimu wa mlipuko nyumba nyingi mtaani huwa na kirusi kilekile, na kwa siku chache hizo hakijapata hata muda wa kubadilika, utajuaje nani kampa nani?

Waambie wakwe zako hivi, hapo jirani Kilifi watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, walifuata familia msimu wa 2009 hadi 2010, wanapima pua za watu wote nyumbani mara mbili kwa wiki hata asiyeumwa, ikaonekana mara nyingi anayeleta RSV ni ndugu mkubwa wa kichanga, hasa anayeenda shule, na wengine hawana hata chafya! Jeni ziliposomwa baadaye ikajulikana kuna nyumba kirusi kiliingia zaidi ya mara moja. Sasa kwa nini alaumiwe mgeni peke yake?

Matibabu hayangoji hayo majibu. Wakubwa wakitoka shule wanawe mikono kabla ya kumbeba, mwenye mafua asimbusu, wewe endelea kunyonyesha, na akihema haraka tena au akikataa ziwa mrudishe hospitali usiku huohuo.