Kabla ya kununua mmea wa dukani, mtafute atakayeumwagilia

Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii ya kupamba maduka, ofisi na hoteli za Goma kwa mimea, mwenye farmasi moja ya mjini aliniita akaniomba nije nitazame mimea yangu "inayokufa kwa kiu". Nilikuta vyungu vitano nilivyomuuzia miezi miwili kabla, majani yameinama, mengine yamegeuka njano, na pembeni mwa kaunta bidoni ndogo ya maji imewekwa tayari. Nilikiinamisha chungu cha kwanza, nikakigonga kitako kwa kiganja, na udongo ukatoka mzima kama ugali unavyotoka kwenye bakuli: mzito, unanuka tope la mferejini, na mizizi iliyopaswa kuwa myeupe imekuwa ya kahawia, kiasi kwamba ukiivuta ganda lake linabaki vidoleni. Mimea ile haikuwa na kiu hata kidogo, ilikuwa imezama.

Tulipoulizana, mambo yakajitokeza moja baada ya jingine. Mama wa usafi alimwagilia kila asubuhi kabla ya kudeki. Dada wa kaunta alimwagilia saa sita, kwa kuwa aliona majani yameinama. "Na mimi, mama, jioni ninamalizia maji ya bidoni yasilale bure," akasema mzee zamu, yaani mlinzi, akinitazama kama mtu anayengoja pongezi. Sikuweza kumlaumu yeyote kati yao, maana jani la mmea uliozama huinama sawasawa na jani la mmea wenye kiu: mizizi iliyooza haiwezi kunywa, hata kama imekaa ndani ya maji. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu niliwaachia watu watatu mimea mitano bila kumwambia hata mmoja wao kwamba kazi hiyo ni yake.

Ndiyo maana leo, mteja anapoanza kunionyesha picha za mimea aliyoiona kwenye simu, mimi humuuliza kwanza ni nani atakayemwagilia na siku gani. Nataka jina moja, na jina hilo naliandika kwenye kadi inayobandikwa nyuma ya chungu pamoja na siku yenyewe. Kabla ya kumwaga hata tone, mtu huyo anapaswa kuingiza kidole udongoni hadi kiungo cha pili. Akikuta unyevu, aende zake hadi juma lijalo. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na joto lake la wastani ni kama digrii 20, kwa hiyo chungu kilichowekwa ndani ya duka lenye mwanga hafifu kinaweza kukaa na maji siku kumi bila kukauka. Anayetoka Kisangani au Kindu akamwagilia hapa kama alivyozoea kwao ataua kila kitu.

Kwenye vyungu vile vya farmasi kulikuwa na kosa la pili, ambalo pia lilikuwa langu, na ambalo bado ninaliona kila mahali hapa mjini. Nilikuwa nimejaza kokoto nyeusi za volkano sehemu ya chini ya chungu, kisha udongo juu yake, nikiamini kwamba maji yatashuka kwenye kokoto na mizizi ibaki pakavu. Maji hayafanyi hivyo. Udongo mlaini huyashikilia, wala hayavuki kuingia kwenye kokoto mpaka udongo ule uliolala juu yake ushibe kabisa. Kwa hiyo tabaka la mawe hulipandisha tope juu, karibu zaidi na mizizi. Kokoto zetu, zile nyepesi zenye vitundu, ni hazina ambayo miji mingine huinunua kwa fedha nyingi, lakini zinapaswa kuchanganywa ndani ya udongo wenyewe. Mimi hutumia sehemu moja ya kokoto zilizochekechwa, ndogo kama punje za mahindi, kwa sehemu mbili za udongo mweusi na mboji iliyoiva.

Baada ya mtu wa kumwagilia huja mwanga, na hapa wengi hudanganywa na macho yao, kwa kuwa jicho la mwanadamu huzoea giza kwa haraka na kuliita mwanga. Chukua karatasi nyeupe, iweke mahali unapotaka kuweka mmea, kisha saa sita mchana unyoshe mkono juu yake. Kivuli kikionekana wazi na vidole vyake vyote, pana mwanga wa kutosha mimea mingi. Kikiwa ukungu tu, chagua mimea mivumilivu. Kisipoonekana kabisa, weka picha ukutani. Sisi tuko karibu sana na mstari wa ikweta, kwa hiyo jua la mwezi wa sita hupita upande wa kaskazini na la mwezi wa kumi na mbili upande wa kusini, na chungu kilichokaa salama kwenye kivuli cha dirisha kwa miezi kadhaa kinaweza kuungua bila mtu kukisogeza. Vioo vyeusi, ambavyo majengo mapya ya hapa yanavipenda mno, hula sehemu kubwa ya mwanga, na mara nyingi mmea unaosimama hatua mbili tu nyuma ya kioo cha aina hiyo unaishi usiku.

Sasa nije kwenye maji, jambo ambalo lilinigharimu zaidi kuliko yote. Mwaka 2019 niliweka drasena 12, ile mimea ya majani marefu yaliyochongoka, katika ukumbi wa kulia chakula wa hoteli iliyo upande wa barabara ya Sake. Mwanga ulikuwa mzuri, udongo ulikuwa mzuri, na mmwagiliaji alikuwa kijana mmoja mwangalifu aliyefuata kadi yake kama askari. Baada ya miezi mitatu ncha za majani zote zilikuwa zimekauka, kila moja na ukingo wa kahawia uliozungukwa na mstari mwembamba wa njano, kana kwamba mtu amepita na kiberiti. Nilipunguza maji, nikayaongeza, nikabadilisha udongo, na ncha zikaendelea kuungua. Mwishoni niliirudisha fedha ya mteja na kuibeba mimea nyumbani.

Jibu lilikuwa kwenye tangi. Hoteli ile ilikuwa ikitumia maji ya mvua yanayotoka kwenye mabati, nami nilikuwa nimefundishwa kwamba maji ya mvua ndiyo bora kuliko yote. Ni kweli katika miji isiyo na volkano. Nyiragongo na Nyamulagira hutoa gesi zenye salfa, klorini na floridi, na mvua inayopita ndani ya moshi huo huteremka ikiwa na tindikali na imebeba floridi. Mara nyingi upepo huupeleka moshi magharibi, kuelekea Sake na Masisi, ndiyo maana upande ule huathirika zaidi. Floridi ikizidi kwenye maji ya kunywa huyatia madoa meno ya watoto yanayokua. Kwenye mmea hupanda pamoja na maji hadi ncha ya jani, hukusanyika hapo na kuichoma. Drasena na klorofitumu, ule wenye majani membamba yenye milia unaoning'iniza watoto wake, ni miongoni mwa mimea dhaifu kuliko yote mbele ya floridi.

Anayezipenda drasena, na mimi ni mmoja wao, aache mvua za kwanza baada ya kiangazi zisafishe paa kabla ya kuelekeza maji kwenye tangi, achanganye chokaa kidogo ya shambani katika udongo, kwa kuwa chokaa huifunga floridi isinyonywe na mizizi, tena ajiepushe na mbolea ya superfosfati, ambayo huja na floridi yake yenyewe. Ncha iliyokwisha kuungua hairudi kijani. Ikate kwa mkasi ukifuata umbo la jani.

Maji ya ziwa yana tabia nyingine kabisa. Ziwa Kivu lina chumvi nyingi zilizoyeyuka na maji yake yana umagadi, karibu 9 kwenye kipimo cha pH katika maji ya juu, kwa hiyo chungu kinachomwagiliwa kwa bidoni zinazotekwa ziwani Kituku mwezi baada ya mwezi hufanya ukoko mweupe ukingoni, na mimea inayopenda udongo wenye tindikali, kama hortensia na gadenia, hugeuka njano huku mishipa ya majani ikibaki kijani, kwa sababu haiwezi tena kunyonya madini ya chuma. Mara moja kwa mwezi ninakibeba chungu nje, ninamimina maji ya mvua mengi hadi yatoke kwa wingi chini, nikiyaacha yaondoke na chumvi zake. Wateja hulalamika kwamba ninapoteza maji katika mji ambao watu hubeba bidoni kichwani. Wana haki ya kulalamika, na ndiyo maana ninapendekeza mimea michache mikubwa kuliko mingi midogo: chungu kikubwa kimoja mlangoni huonekana kutoka ng'ambo ya barabara na hunywa maji kidogo kuliko vyungu kumi vya kaunta.

Mimea ninayoiamini ndani ya duka ni mitatu tu. Wa kwanza ni sansevieria, ile ya majani yaliyosimama kama mapanga, ambayo asili yake ni Afrika Magharibi hadi huku Kongo, kwa hiyo tunanunua kutoka kwa wageni kitu cha kwetu. Wa pili ni zamiokulka, unaotoka Afrika Mashariki na kuhifadhi maji ndani ya viazi vyake vya chini ya udongo. Ukisahauliwa majuma matatu hausemi neno. Wa tatu ni pothosi, ule utambaao wenye majani ya umbo la moyo, ambao hukuonya mapema kwa kuinama na hupona siku hiyo hiyo. Difenbakia, pamoja na uzuri wake wote, siiweki mahali penye watoto, kwa maana mtoto akitafuna jani lake mdomo na ulimi huwaka na kuvimba. Pothosi na zamiokulka nazo zina sumu ya aina hiyo, kwa hiyo katika zahanati na migahawa nazipandisha juu, mkono wa mtoto usikofika.

Wauzaji wenzangu huwaambia wateja kwamba mimea husafisha hewa ya ofisi. Habari hiyo ilienea kutokana na jaribio la shirika la anga la Marekani, NASA, la mwaka 1989, lakini jaribio lile lilifanywa ndani ya vyumba vidogo vilivyofungwa kabisa. Mapitio ya watafiti yaliyotolewa mwaka 2019 yalikadiria kwamba ingehitajika mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita ya mraba ili ifanye kazi inayofanywa na kupita kwa hewa ya kawaida katika jengo. Kwa maneno mengine, fungua dirisha. Mweleze mteja kile ambacho mmea hukifanya kweli: mtu anayeingia kutoka kwenye vumbi la barabara na kuona majani mabichi, yaliyofutwa, huchelewa kutoka. Yaliyofutwa, nasema, kwa kitambaa chenye unyevu na maji matupu. Mafuta ya kula ambayo wengine hupaka ili majani yang'ae huziba vinyweleo vya jani na kukusanya vumbi zaidi. Likianguka jivu la volkano, lipanguse kwanza likiwa kavu kwa brashi laini, kwani ukililowesha hugeuka kinamo.

Nje ya duka, habari ni ya mwamba. Sehemu kubwa ya katikati ya mji imesimama juu ya lava iliyopita hapo Januari 2002 ikielekea ziwani, na anayeleta sururu ili achimbe bustani hurudi na mpini uliovunjika. Usichimbe, panda juu. Jenga ukuta mfupi wa mawe yale yale, kisha ujaze udongo unaoletwa kwa magunia: sentimita 20 zinatosha nyasi za paspalumu, ilhali vichaka kama hibiskusi vinataka 50. Maji hupotea mara moja kwenye nyufa za lava, kwa hiyo changanya mboji nyingi kuliko unavyodhani inafaa, na kila mwaka uongeze, kwa sababu udongo hutitia.

Mbele ya duka hakuna kinachoishinda bugenvilia katika mawe yetu. Hupenda jua na hali ya kiu, na anayeimwagilia kila siku hupata majani matupu bila maua. Ila ina miiba, basi ipande mbali na mahali wateja wanapopita na mabegi yao. Fikasi nisingeiweka karibu na tangi la kuzikwa wala ukuta wa zege, kwa kuwa mizizi yake hufuata unyevu na kufungua nyufa. Visahani vya chini ya vyungu vimwagwe kila juma, kwani mbu hahitaji zaidi ya siku saba hadi kumi kutoka yai hadi kuruka.

Tena vyungu vya nje huibwa. Nimepoteza vinne usiku mmoja mbele ya butiki yenye taa na zamu. Hapo tu ndipo ninaporuhusu mawe chini ya chungu, mawili au matatu makubwa ya lava, katika chungu kirefu ambacho mizizi haitafika huko na tundu lake limeachwa wazi. Kazi yake ni uzito peke yake, na mpaka sasa hakuna aliyeondoka nacho.