Kitabu cha sheria kinatosha mahakamani?

Swali: Nina kesi katika jimbo moja la Marekani. Je, mkusanyiko wa sheria za jimbo uliochapishwa unatosha kuthibitisha sheria, au nitafute ile iliyopitishwa na bunge?

Jibu: Inategemea jimbo. Bunge likiwa limeupitisha mkusanyiko wenyewe kuwa sheria, maneno yake ndiyo yanayosimama. Ukiwa kazi ya wahariri tu, kwa kawaida ni ushahidi wa awali: hukubaliwa hadi upande wa pili ulete sheria asilia inayosema tofauti.

Usidharau tofauti hiyo. Mwaka 1952 wahariri wa United States Code, mkusanyiko wa sheria za shirikisho, walikiacha nje kifungu kilichoruhusu baadhi ya benki kuuza bima, wakiamini kilifutwa mwaka 1918. Mwaka 1993 Mahakama ya Juu ikasema bado ni sheria. Mzizi wa utata ulikuwa alama za kunukuu zilizowekwa pasipo mahali pake!

Basi soma maandishi madogo chini ya kifungu chako: yanataja mwaka na namba ya sheria asilia. Itafute, linganisha neno kwa neno, hata mkato, kisha fuatilia marekebisho yote. Ukiipeleka jimbo jingine, omba nakala yenye muhuri wa jimbo.