Kifaa cha moyo hakitabiri: ninachoangalia mwenyewe kati ya kliniki na kliniki

Watu wakishajua nina ICD kifuani, yaani kifaa cha kuzima mapigo hatari ya moyo, swali la kwanza huwa lile lile: "Sasa mzee, hicho kidude kinakuambia mapema kabla moyo haujavurugika?" Hakiniambii. Kimekaa chini ya mtulinga upande wa kushoto, kinahesabu mapigo usiku na mchana, na yakivuka kasi iliyopangwa ndipo kinaamka. Kwanza hujaribu kuyatuliza kwa mapigo madogo ya haraka ambayo mara nyingi mwenyewe husikii chochote. Yakikaidi, kinapiga shoti. Tangu mtu wa kwanza awekewe kifaa cha namna hii, Februari 1980 kule Baltimore, Marekani, kazi yake ya msingi ni hiyo hiyo: kungoja mpaka balaa lianze ndipo kilizime. Vingine hulia au kutetemeka, lakini ni kwa sababu ya betri inayokwisha au waya wenye hitilafu.

Kliniki nakutana na wenzangu wa namna mbili. Wapo waliotupa dawa kabatini kwa sababu "si kifaa kipo?", na wapo ambao hawatoki hata kwenda msikitini au kanisani wakiogopa shoti. Kwa maoni yangu tatizo lao ni moja: hakuna aliyekaa nao akawaeleza hatari ya mapigo mabaya inakadiriwa vipi. Mimi si daktari. Nilikuwa dereva wa serikali, mmoja wa tuliohamia Dodoma na wizara zetu, presha ikapanua moyo, na sasa natunza logibuku za magari ofisini Mtumba. Nayaandika haya kwa sababu ya kuuliza sana.

Kadirio la kwanza lilifanywa kabla sijawekewa kifaa. Eko, picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, ilionyesha moyo unasukuma chini ya asilimia 35 ya damu iliyomo kwa kila pigo, na miezi ya dawa haikuupandisha. Kipimo hicho, EF, ndicho kinachotumika zaidi duniani kuamua nani awekewe. Kilitokana na tafiti kubwa: MADIT-II ya mwaka 2002 ilichukua watu wa asilimia 30 kushuka chini waliowahi kupata shambulio la moyo, na SCD-HeFT ya 2005 ikachukua wa 35 kushuka chini. Kifaa kilipunguza vifo katika tafiti zote mbili. Lakini katika hiyo ya 2005, waliopigwa shoti kwa mapigo hatari kweli walikuwa kama mmoja kati ya watano wa waliowekewa. Wengine walikaa nacho miaka bila kukihitaji. Kwa hiyo ukiambiwa "wewe uko kwenye hatari kubwa", jua linalozungumziwa ni kundi unalofanana nalo. Muulize daktari ni nini zaidi ya EF kinachokuweka hapo: kovu kwenye misuli ya moyo, figo, kuzimia siku za nyuma, upana wa mawimbi kwenye ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Ana majibu, ila foleni ni ndefu na asipoulizwa atamwita mwenye namba inayofuata.

Kadirio la pili ndilo ninalotaka tulizungumze kwa kirefu, maana hili linaendelea kila siku na sisi tumo ndani yake. Kifaa kina kumbukumbu. Ukifika kliniki fundi anakuwekea kichwa cha mashine juu ya kifua, na kwenye kioo yanatokea yote: mapigo ya ziada, mbio fupi zilizojizima zenyewe, kasi ya moyo usiku, saa ulizotembea, na kwa baadhi ya vifaa hata dalili za maji kujaa kifuani. Ni logibuku kabisa, ila hii haidanganyi kilomita.

Siku moja binti wa kliniki alichapa karatasi, akaigeuza upande wangu. Mstari wa vidoto, unaoonyesha muda kati ya pigo na pigo, ulikuwa umetulia juu, ghafla ukaporomoka, vidoto vikabanana chini, kisha ukarudi juu kama hakuna kilichotokea. Akaniuliza, "Mzee, Jumatano ile saa tisa usiku ulikuwa unafanya nini?" Nilikuwa nimelala. Mke wangu alikuwa ubavuni na hakusikia kitu. Moyo ulikuwa umekimbia, kifaa kikautuliza bila shoti. Akaendelea kuchimba: wiki hiyo ulikula nini, uliumwa, ulibadilisha dawa? Nikakumbuka tumbo la kuendesha la siku mbili, joto la Novemba, na dawa ya kukojoza niliyoendelea kumeza kama kawaida. Damu ikapelekwa maabara, potasiamu ilikuwa chini.

Tangu hapo naelewa kwamba utabiri wenye manufaa hauna uchawi. Potasiamu na magnesiamu zikishuka, umeme wa moyo unayumba, na kinachozishusha ni kuhara, kutapika na dawa za kukojoza. Hapa kwetu kipindi cha kiangazi ni kikali na mtu hukaukiwa haraka. Ukiharisha, usiache dawa kwa kujiamulia na usijitibu kwa ndizi ukadhani umemaliza. Piga simu kliniki, uulize kuhusu kipimo cha potasiamu na dozi. Wenye figo dhaifu au wanaotumia spironolaktoni wanaweza kuwa na potasiamu ya juu mno, nayo ni hatari vilevile. Kubahatisha hakufai pande zote mbili.

La dawa za madukani nitalisema kwa ukali kidogo. Dodoma, kama Tanzania nzima, ukiwa na homa unakatiza tu duka la dawa muhimu. Baadhi ya dawa za kawaida sana hurefusha muda wa moyo kujichaji upya baada ya pigo, na hapo ndipo mapigo hatari hupenyea: kwinini, eritromaisini, azitromaisini, siprofloksasini, flukonazo. Hata karatasi ya ndani ya dawa ya mseto ya malaria ina tahadhari kwa wenye shida ya mapigo ya moyo na waliopungukiwa potasiamu. Sisemi usitibiwe malaria, malaria inaua. Ninasema mwenye duka ajue una ICD na ajue dawa unazomeza, na usiondoke na mbili au tatu za aina hiyo kwenye mfuko mmoja. Ninayo orodha ya dawa zangu kwenye simu, namwonyesha kabla hajageukia rafu. Vidonge vya kutuliza moyo, kama bisoprolo au kavedilo, navyo usivikate ghafla. Vikikatwa ghafla moyo hurudi kwa kasi.

Uzito ni jambo dogo, nilipitie haraka: pima kila asubuhi baada ya kukojoa, na ukiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, hayo ni maji, piga simu. Moyo uliojaa maji huchafuka kirahisi. Na mlenda wetu wa Kigogo nauheshimu sana, ila magadi ni sodiamu. Mke wangu anapika wangu pembeni bila magadi, wageni wanacheka, ugali wa uwele unashuka tu.

Kuna swali ambalo wagonjwa wengi hawajui wana haki ya kuliuliza: "Kifaa changu kimepangwa kuanzia mapigo mangapi?" Kikipangwa kuanza chini mno, kinaweza kukupiga kwa mbio zisizo hatari, kwa mfano vyumba vya juu vya moyo vinapotetemeka. Utafiti wa MADIT-RIT wa 2012 ulionyesha kwamba kupandisha kizingiti hadi mapigo 200 kwa dakika, au kukisubirisha kifaa kidogo, kulipunguza matibabu yasiyo ya lazima na hata vifo. Si kila mtu anafaa kupangiwa hivyo, hasa aliyewahi kupata mapigo hatari ya kasi ya chini kidogo. Lakini jua namba yako.

Vijana huniambia kompyuta sasa zitatabiri kila kitu. Ni kweli watafiti wanazifundisha mashine kusoma kumbukumbu za vifaa hivi, wakitafuta mabadiliko yanayotangulia mbio za hatari. Naitaka siku hiyo ije. Ila nipige hesabu ya kidereva. Tuseme kengele inapatia mara 90 kwa 100, siku mbaya na siku nzuri, na siku yangu mbaya ni 1 katika 100. Kwenye siku 1,000, mbaya ni 10, itakamata 9. Nzuri ni 990, itapiga kelele za bure 99. Jumla nimeshtushwa mara 108, na 9 tu ndizo za kweli. Mwaka wa pili nani ataisikiliza? Ndiyo maana ukisikia programu "ina usahihi wa asilimia 90", uliza kengele ngapi za uongo kwa kila moja ya kweli.

Shoti ikipiga, utaratibu ninaoujua kutoka kliniki ni huu. Imepiga moja, umekaa, unajisikia vizuri: wapigie siku hiyo hiyo. Zimepiga mbili au zaidi ndani ya siku moja, au moja ikafuatwa na kizunguzungu, maumivu ya kifua au kukosa pumzi: hospitali sasa hivi, kwa gari, ukiendeshwa na mtu mwingine. Bodaboda hapana, utaanguka shoti ya tatu ikija njiani. Nyumbani wajue kwamba kukugusa wakati wa shoti hakuwadhuru, watasikia mtekenyo tu, na ukianguka ukawa hujibu wala hupumui waanze kukandamiza kifua, wasikisubiri kifaa.

Iwe unafuatiliwa Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete (JKCI) Dar es Salaam, ulizia kama wana mashine ya kusoma kifaa cha kampuni yako, maana kila kampuni ina yake na moja haisomi ya mwenzake. Kadi ya kifaa itembee nawe, na picha yake iwe kwenye simu ya mtu mwingine nyumbani. Simu yenyewe usiiweke mfuko wa shati. Iwe mbali na kifaa walau sentimita 15.

Usukani wa kazi niliuacha. Miongozo katika nchi nyingi haimruhusu mwenye ICD kuendesha magari ya abiria au malori, na gari binafsi husimamishwa miezi kadhaa baada ya shoti. Iliniuma, lakini nimeshawaona wenzangu wakibeba watu kumi na tano; shoti ikimpiga dereva, wote wako hatarini. Kliniki ya Dar sasa naenda kwa treni ya SGR. Pale kwenye ukaguzi onyesha kadi, pita mlango wa kukagua vyuma bila kusimama katikati, na mwombe askari asikishikilie kifimbo cha ukaguzi juu ya kifua. Akukague kwa mkono.